Hakutamka Kwamba Anampenda

Ndani ya treni ya Nagano, Chizuru alijifanya anatazama theluji, kumbe anawasikiliza abiria wawili wasiojuana waliokaa mbele yake. Binti wa chuo alikuwa amefura, akimlalamikia mama wa makamo aliyekaa kando yake. "Mama, katuni ile ya mapenzi ya kwenye runinga nimeifuatilia tangu mwanzo! Wanakula tambi, wanangoja basi, na mpaka mwisho kijana hamwambii msichana kwamba anampenda. Si wametuibia hao walioitunga?"

"Hata mume wangu hajawahi kuniambia," mama akajibu. "Lakini kila msimu wa baridi hunimenyea machungwa."

"Chungwa linasema nini, mama?"

"Linasema! Wewe ndiye husikii!" mama akang'aka.

Treni ikasimama, binti akashuka kwa kishindo bila kuaga. Mama, bado amenuna, akamgeukia Chizuru. "Eti, mume wako hukwambia?"

Chizuru akageukia dirisha, na safari hii akaitazama theluji kwelikweli.