Sagindik Abenov, Mpokeaji wa Wanaanga Aliyesema Wasiende Tena

Ndugu Sagindik Abenov anastaafu tarehe 30 Aprili baada ya kukitumikia kikosi chetu cha mapokezi kwa miaka thelathini na minne. Kwa bahati mbaya kikosi nacho kinastaafu siku hiyohiyo, na mwenye kosa ni yeye. Nimeombwa niandike kwa adabu. Nitajaribu.

Alianza kama dereva wa gari la minyororo, hapa nyikani nje ya mji wa Jezkazgan, akiwa na nywele zote na meno karibu yote. Kazi yetu haikutaka kisomo kikubwa. Chombo kinashuka kutoka angani kwa mwavuli, kinatua kama chungu kilichoungua, sisi tunakikimbilia kwenye theluji kabla mbwa mwitu hawajakikagua, tunafungua, tunatoa watu. Mtu aliyeelea nusu mwaka akirudi hawezi kusimama, kwa hiyo anabebwa. Sagindik alishika mabega, mimi miguu. Aliniachia viatu, alisema, "kwa sababu pua yako wewe imeshakufa kwa tumbaku."

Ni yeye pia aliyeleta mambo ya uzi. Kwetu mtoto akianza kutembea hufungwa uzi miguuni, kisha mtu mwepesi wa hatua anaukata, ili mtoto asijikwae maishani. Basi Sagindik akawa anawafunga wanaanga uzi wa sufu na kuukata palepale kwenye theluji. Daktari wa kike alimfokea: "Mzee, hawa ni wanasayansi!" Naye akamjibu: "Wanasayansi wanaotambaa, binti. Hebu nipishe." Baadaye wanaanga wenyewe wakawa wanaudai. Rubani mmoja aligoma kupandishwa helikopta mpaka akatwe uzi wake.

Mwaka juzi ikaja kamati kutoka mji mkuu kuamua: safari za mbali zijazo, waende watu au ziende mashine? Zikienda mashine peke yake, hakuna wa kubebwa, na kikosi kinafungwa. Hilo lilijulikana hata kwa mbwa wa jikoni. Profesa mmoja alitutetea vizuri. Alisema mashine huokota jiwe ililoagizwa, bali mtu huokota jiwe lililomshangaza. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikawaka. Mwingine akasema mashine haili, haiogopi, na ikifa haiachi mjane. Huyo sikumpigia.

Kisha akaitwa Sagindik, shahidi wetu. Tulikuwa tumemchinjia kondoo na kumvalisha joho jipya. Alichotakiwa kusema ni maneno matatu tu: pelekeni watu, jamani.

Akasimama, akakohoa, akasema: "Mimi nilimtoa Antonina Reutova, siku ile chombo kilipotua vibaya. Kichwa chake kilikuwa hapa begani. Akaniuliza, 'Mzee, nimesimama?' Nikamwambia umesimama, binti yangu. Miguu ilikuwa inaning'inia. Hajasimama tena mpaka leo. Kama kipo chuma cha kwenda, basi kiende chuma."

Kamati ikaandika upesiupesi. Msiniambie waliguswa. Chuma ni rahisi kuliko mtu. Walikuwa wakitafuta wa kuililia bajeti yao, wakampata bure, tena ndani ya joho letu. Maneno yake waliyachapa kwenye ripoti pamoja na picha yake. Jina la Antonina hawakuliweka.

Majira yote ya baridi hatukumsalimia. Akija kwenye chai, tunanyanyuka. Mwishowe nikamvaa.

"Umetunyang'anya mkate, Sagindik. Vijana hawa wana watoto!"

"Najua."

"Si ungenyamaza tu?"

"Wewe ulibeba miguu," akaniambia. "Miguu haisemi."

Maneno hayo yananiudhi, maana bado naamini alikosea. Antonina mwenyewe, ukimuuliza leo, angepanda tena. Lakini nani alimuuliza? Kamati haikumuuliza, Sagindik hakumuuliza, na mimi niliyebeba miguu yake sikumuuliza pia.

Mwezi uliopita tulipokea chombo cha kwanza kisicho na mtu. Ndani mlikuwa na kopo la vumbi. Mabwana wawili wenye glavu nyeupe wakalichukua, wakashukuru, wakaondoka. Hakuna aliyelia, hakuna aliyetapika, hakuna aliyeomba tufaha kama walivyozoea wanaanga wetu. Safi kabisa. Tulirudi kama watu waliozika sanduku tupu, na Sagindik alikaa garini asijue mikono aiweke wapi.

Kwa mabega yote uliyoyabeba, mzee mwenzangu, asante. Kwa ulimi wako, hapana. Nenda nyumbani kwa mkeo Kulyash na farasi wako. Tunakutakia uzee wenye maziwa ya kutosha na magoti yasiyouma. Ila kwenye barafu tembea polepole. Ukianguka, hakuna tena kikosi cha kuja kukubeba.