Skrini Zilizoingia Moshi: Risala ya Kina Mama wa Kegonga

Mgeni rasmi, Daktari Emmah Motari, Mwalimu Wangwe, na kina mama wenzetu: tunawasalimu kwa heshima.

KARIBU

Sisi wanafunzi wa darasa la ngumbaru la Kegonga tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umekuja kuzichukua skrini zako za kusomea. Hata hivyo, kuku amechinjwa kwa moyo mweupe.

TULIKOTOKA

Ulipotuletea skrini za kwanza za jaribio lako, ulitufundisha kwamba ndani yake mna utando unaopitisha umeme bila kuuzuia mwanga. Utando ule ulikuwa mwepesi kuvunjika kama kioo. Mwenzetu Liz alikunja skrini yake ndani ya leso akaenda shambani. Aliporudi, nyufa zilikuwa zimekata maneno katikati. Hukutukemea. Ulirudi na nyingine, zenye nyuzi za madini ya fedha, nyembamba kuliko unywele.

TULIYOYAPATA

Hizi tumezikunja, tumezikalia, tumezibeba mgongoni pamoja na watoto. Hazikupasuka. Tena herufi zake hukuzwa. Mama Bhoke, mkubwa wetu kwa umri, ambaye miwani imekwisha kumshinda, aliliona jina lake likiwa kubwa kama yai. Sasa anasoma hadithi ya maisha yake, aliyomsimulia Mwalimu Wangwe naye akaiandika humo. Amebakiza ukurasa wa mwisho.

CHANGAMOTO

Ulituagiza skrini zisiingie jikoni, kwa kuwa moshi huifanya fedha iwe nyeusi. Tuliziingiza. Haikuwa dharau. Mama hupata nafasi ya kuketi anaposubiri maji ya ugali yachemke, na hapo ndipo tunaposoma. Weusi ulianzia pembeni ukaelekea ndani. Mama Bhoke alisema, "Mwalimu, kumbe na hii ikikaa jikoni sana inafanana na mimi." Tulicheka. Kisha tukasikia kwamba jaribio litahamishiwa kwa wasomaji wa mjini, wanaopikia gesi.

OMBI

Wenzetu wa Kosele, kule Homa Bay, walipewa skrini zenye utando wa kaboni, ambayo Mwalimu anasema ni ndugu wa masizi. Labda ndiyo sababu haiogopi moshi. Mwanga wake ni hafifu kidogo, lakini wao pia hupikia kuni na skrini zao hazijadhurika. Tunaomba hizo. Daktari, tunakusihi ubadilishe utando, usibadilishe wasomaji.

Ikiwa haitawezekana, tuna ombi dogo. Skrini ya Mama Bhoke imebaki na sehemu safi yenye upana wa kiganja, na maneno anaweza kuyapitisha hapo, mstari kwa mstari. Liz alimshauri aumalize ukurasa huo nyumbani kabla hujafika. Akajibu, "Nitausoma mbele ya mwenye skrini, aone imenifikisha wapi."

Ameketi mbele yako. Kabla hujaipokea, tunaomba umsikilize.

Mungu aliyekujalia akili ya kufuma nyuzi zisizoonekana akufikishe kwako salama, na siku moja akurudishe kwetu.

Ni sisi,
Darasa la Kina Mama, Kegonga.
Imesomwa kwa niaba yao na Jerusha Gati.