Nguzo ya Tatu Upande wa Kushoto

Mwaba hakuiharibu ile mashua. Niliyeiharibu ni mimi, Mutale Katongo, mzee wa kanisa, na uongo nilioutunga juu yake nimeumeza pamoja na mkate wa Bwana kwa miaka sita. Emmanuella, binti yangu, andika hivyo hivyo, usinipunguzie. Andika kwa Kiswahili cha Biblia ili kila mtu asome, ila maneno ya watu uyaache jinsi walivyoyasema. Honorine, mke wangu, funga mlango, maana huko uani wanagonga tena na sitaki anayegonga asikie. Na wewe Elisée, mwanangu, keti hapa mbele yangu, niione mikono yako.

Mashua mnaijua, ipo uani juu ya matairi, na watu wa mtaa wetu wa Makomeno wamechoka kutucheka kwamba tunangoja ziwa lije mpaka Lubumbashi. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama Zambia, ikapita mpakani Mokambo juu ya lori la mahindi, nikaipeleka Kilwa, hii yetu ya Katanga, kuvusha watu kwenye ziwa Moero. Sikujua mambo ya mashua. Mimi ni mtu wa malori; miaka thelathini nilifunga matangi ya asidi ya migodi, na tangi halivuji ukikaza bulon, yaani bolti zake, mpaka mkono ukatae. Mwaba alikuwa fundi wangu, lakini yeye alizaliwa Kilwa, na alipoona ninazikaza nguzo za ukingo, zile fupi za chuma za kushikilia pembeni mwa sitaha, kwa nguvu zangu za lori akaniambia: "Papa Mutale, hii haiko camion. Juu fibre, chini fibre, mu katikati ni mbao laini sawa mukate. Maji ikipita ku bulon, ile mbao inainywa pole pole, na weye kwa juu unaona iko muzuri tu."

Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yalidondoka ndani, mbele, juu ya kiti. Nikashuku dirisha. Mwaba akapitisha kidole kwenye dari, akaufuata unyevu kurudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka chini ya nguzo ya tatu upande wa kushoto, akasema maji yanaingilia hapa na kutokea kule. Sikilizeni ubaya wa moyo wangu, wanangu: sikumshukuru. Niliwaza, mtu anayeliona tundu upesi namna hii ndiye aliyelitoboa.

Alifungua nguzo zote kumi na mbili. Akapanua matundu, akachokoa mbao iliyolowa, akaacha pakauke, akajaza rezini, gundi inayoganda ngumu, akatoboa tena katikati ya rezini ili bulon isiguse mbao kabisa. Akapaka mastiki, gundi laini ya kuziba maji, akarudisha nguzo, akakaza kidogo tu, mpaka mastiki ikachungulia pembeni kama pete. Akaweka spana chini. Nikamuuliza mbona anaacha kazi nusu.

"Tuiache siku mbili ikamate," akasema, "kisha tukaze kidogo tena. Ukikaza yote leo, mastic inatoka yote inje, inabakia chuma na fibre tu."

"Unataka siku mbili zaidi za kula bukari yangu, ugali wa bure."

"Bukari ya mama Honorine njo inanishikaka huku, haiko weye."

Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa meno. Kesho yake asubuhi, yeye akiwa kwenye ibada, nilipanda na ile spana ndefu ya malori nikakaza nguzo moja baada ya nyingine mpaka mkono ukakataa. Mastiki ilimwagika yote nikaifuta kwa kitambaa, na pale kwenye nguzo ya tatu nikasikia kitu kikipasuka chini ya chuma, kidogo, kama ganda la karanga. Nilisikia. Sikumwambia, na mashua ikaingia majini.

Misimu miwili ya mvua ikapita. Siku moja, tunafika ng'ambo, mama Virginie, mke wa mchungaji, akaishika nguzo ile ili ashuke, nayo ikang'oka na kipande cha sitaha, mbao ndani nyeusi imeoza, na mama wa watu akaanguka kati ya mashua na mawe. Mnamwona wanakwaya wakiinua mikono, yeye anainua mmoja.

Wazee wa kanisa wakauliza nani alifunga nguzo. Nikasema Mwaba. Nikaongeza, na hili hakuna aliyenilazimisha, kwamba alizilegeza makusudi ili aitwe tena kazini. Nilikuwa karibu kuamini mwenyewe, maana nilikuwa nimeshamshuku kabla hajanikosea lolote. Yeye alisema neno moja, "Papa Mutale anajua," akaondolewa kwenye meza ya Bwana, akahamia Mokambo kutengeneza baiskeli za wavushaji wa mizigo mpakani.

Bado sijamaliza. Nipe maji, Honorine. Onja kwanza wewe. Hapana, nisamehe, lete tu.

Mashua iliporudi hapa niliirudisha nguzo ya tatu juu ya kiraka, kwa bulon zake zile zile, lakini nyingine sikuthubutu kuzifungua, kwa kuwa nilijua nitakachokiona. Nilizungusha silikoni ya bafuni kwenye kila nguzo, nikapaka rangi nyeupe, ikawa mpya. Ile silikoni inazuia macho, maji haiyazuii. Na sasa kuna mtu wa Pweto, huko huko ziwani, anakuja Jumamosi kuichukua ili avushe akina mama na watoto wao, na aliyemleta ni wewe, Elisée. Tangu nilale hapa mgonjwa nasikia kila asubuhi mtu anagonga sitaha, to, to, to, kisha po, pale palipooza. Nilisema moyoni, ni mwanangu na mtu wake, amejua, na ataiuza kabla sijafumba macho. Ndiyo maana ufunguo wa mashua nimeulalia. Ndiyo maana nilimtuma Emmanuella aangalie viatu vyako. Hata sasa una vumbi jeupe kwenye mikono ya shati. Sema, sina nguvu ya kukasirika.

Sema karibu, sikio hili limekufa.

"Papa, haiko mi. Ni Mwaba. Njo mi nilienda kumutafuta ku Mokambo, juu siwezi kuuzisha bantu kintu chenye sijue."

Mwaba. Yupo uani kwangu? Tangu lini?

"Ni siku ine. Nguzo ya tatu alishaitosha inje. Aliona alama ya spana ku bulon."

Akasema nini?

"Aliomba rezini tu."

Ngoja. Ngojeni kidogo.

Mwanangu, nimeichunga mikono yako kama mikono ya mwizi, nayo ilikuwa inafanya kazi niliyoikimbia. Andika, Emmanuella, ingawa sasa nasema polepole. Mashua isitoke uani mpaka nguzo zote kumi na mbili zifunguliwe, na mtu wa Pweto aambiwe yote, akitaka aache. Zile siku mbili za kukamata msimharakishe Mwaba. Spana ndefu irudi kwenye malori. Karatasi hii uisome kanisani wewe mwenyewe, binti yangu, mbele ya mama Virginie, na usishushe sauti kwenye jina langu. Honorine, umpikie bukari.

Mungu awape... awape kuamini mtu kabla ya kumchunguza. Mimi hakuninyima, nilikataa mwenyewe. Awalinde juu ya maji na juu ya nchi kavu. Mikono yenu ibarikiwe, wanangu wote... wote watatu, nikimhesabu Mwaba.

Ufunguo, hapa chini ya mgongo. Uchukue.

Bado anagonga. Elisée, nenda ukamwombe Mwaba aingie. Umwombe, usimwamuru. Asinawe hata mikono, aje hivyo hivyo.