Mpira Hauwekwi Chini

Sikilizeni wanangu, na wewe Radhamés uliyesimama mlangoni kama mtu anayetafuta njia ya kukimbilia, ingia uketi, maana sauti yangu leo haina miguu ya kufika huko. Padre amekwisha kuja, amenipaka mafuta, amekunywa kahawa yetu vikombe viwili na kwenda zake, kwa hiyo ya Mungu yametengenea. Yaliyobaki ni yangu na yenu. Nereida, zima hiyo feni, inaniziba masikio, na masikio ndiyo mali niliyobaki nayo tangu kisukari kinichukulie macho. Fungua dirisha la uani. Lifungue lote. Nataka kumsikia.

Mmenong'ona jikoni asubuhi nzima mkidhani mgonjwa haelewi kitu. Nimeelewa. Chencho Liriano, mtupaji wetu wa zamani, amerudi. Don Ulises Peguero, mwenye timu ya Tai, amemtema, Tai wake wamemwonyesha mlango, na yeye, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, bega limepasuliwa na madaktari na kushonwa na kupasuliwa tena, ameketi uani kwetu na begi lake miguuni akingoja kuambiwa iwapo timu yetu ya besiboli, Kaa wa Boca Salada, itamsajili. Na dirisha la usajili linafungwa kesho adhuhuri. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, hilo tunalijua. Lakini Nereida anauliza, na ana haki ya kuuliza, akisharejea atafanya kazi gani?

Tuyamalize ya mali kwanza, hayana maneno mengi. Nyumba hii ni yako Nereida, pamoja na paa lake linalovuja, na usilie, paa linazibika. Kiwanja kilicho nyuma ya kiwanda cha sukari ni chako Radhamés, ukilime muhogo au ukiache kiote nyasi, ila usimuuzie mtu yeyote aliyezaliwa katika ukoo wa Peguero, hata akija na machozi. Kiti changu cha kubembea mpeni Tiburcio, maana mtu aliyedaka mipira yetu miaka yote ile amechuchumaa, magoti yake yanatudai pa kupumzika. Lakini timu haigawanywi. Mpira haushikwi na mikono miwili ya watu wawili. Timu ni ya Nereida, neno la mwisho ni lake, na wewe Radhamés utabaki kocha wake na utamsikiliza. Usinune. Kununa kwako nakusikia tangu ulipokuwa na miaka mitatu, unavuta pumzi kwa pua moja.

Sasa haya ya Chencho.

Nimesikia mlivyojibizana. Nereida umesema, "Kaka, yule mtu ni bahati nasibu. Jumapili hii anatupa kama malaika, Jumapili ijayo anakosa shabaha na kuwagawia wapigaji vituo bure kama anagawa peremende. Akitolewa mapema, watupaji wengine wote wanamalizika mikono, wiki nzima hatuna mtu. Na Yunior je, mtupaji wetu kijana, aendelee kukalia benchi?" Na wewe Radhamés, badala ya kumjibu, ukamtupia methali: "Jungu kuu halikosi ukoko!" Naye akakwambia, "Ukoko haushibishi uwanja mzima, kaka." Nilicheka hapa peke yangu mpaka nikakohoa. Mwanangu, dada yako amekushinda, maana yeye alikuwa anazungumza habari ya timu na wewe ulikuwa unazungumza habari ya ujana wako.

Lakini na mimi nisijitie ukamilifu. Nataka mjue hamu yangu kabla hamjasikia ushauri wangu, ili mjue mnaupima kwa mizani gani. Nina hamu, wanangu, hamu inayonikaba kuliko huu ugonjwa. Miaka ile macho yangu yalipokuwa yameanza kuingia ukungu, baba yenu Obdulio alinihamishia kiti nyuma ya wavu, nyuma kabisa ya mdakaji, akaniambia, "Kama huwezi kuuona mchezo, Eduvigis, utausikia." Akaketi kulia kwangu na karanga zake katika karatasi. Nikajifunza. Mpira wa kawaida ukiingia kwenye glavu unasema neno butu, basi. Mpira wa Chencho katika siku yake njema ulipasuka, pap!, kama mtu amevunja ubao mkavu, na mara nikisikia pap ya pili na ya tatu, karanga za baba yenu zilikoma kutafunwa. Alisahau kutafuna. Watu elfu wanapiga ngoma na mabati, na mimi nilichokuwa nakisikia ni kile kimya cha mume wangu hapa kwenye bega la kulia. Hicho ndicho ninachokitamani. Kama ningepewa saa moja tu ya maisha yangu kuirudia, nisingechagua arusi wala siku mliyozaliwa, mnisamehe, ningechagua ile saa ya karanga.

Na siku mbaya zilikuwepo vilevile, tena nyingi. Wanasema siku njema huonekana asubuhi. Yule hata adhuhuri alikuwa haonekani yuko upande gani. Tulitoka uwanjani tumefungwa, Obdulio amekula karanga zote mpaka maganda, njia nzima anamtukana, "Mkono wa ng'ombe! Mkono wa kuchotea matope!" na Jumapili iliyofuata wa kwanza kuvaa kofia ni yeye. Nilimuuliza siku moja, "Unakwenda kufanya nini huko?" Akasema, "Huenda leo." Maneno mawili tu, na mimi nikachukua mkoba wangu nikamfuata.

Nereida, najua kinachokuuma si mahesabu. Kinachokuuma ni siku ile, na ninaitaja kwa sababu tumekaa nayo humu ndani miaka tisa kama mtu aliyekufa asiyezikwa. Mchezo wa mwisho wa msimu, Tai wa Peguero mbele yetu, mzunguko wa saba, mkono wa Chencho umekwisha na kila mtu anaona isipokuwa kaka yako, ambaye alimpenda mno, akamwacha wakaipiga mipira yake mpaka wakaingiza wakimbiaji watatu. Ndipo Radhamés akatoka kwenda kumpokea mpira ili amtoe. Mnaijua desturi, hamkufundishwa na mtu, mmezaliwa nayo: kocha anakwenda polepole hadi kwenye kile kichuguu cha udongo anaposimama mtupaji, ananyoosha kiganja, na mtupaji, hata kama moyo unamwaka, anauweka mpira katika kiganja hicho. Mpira hauwekwi chini. Mpira unakabidhiwa. Na Chencho alimtazama Radhamés, akaufungua mkono wake, akauachia mpira udondoke kwenye udongo, akapita katikati yetu mpaka getini, na msimu uliofuata tukamwona kavaa shati la Tai.

Mimi sikuona, nilisikia. Nilisikia uwanja wote umenyamaza, kisha nikasikia kiti cha kulia kwangu kikilia kwa kuinukiwa. Baba yenu, na mgongo wake ule, aliruka kile kizuizi, akatembea hadi kichuguuni, akainama. Kijana mmoja wa upande wa Tai akapiga kelele, "Babu! Umeangusha meno?" Na Obdulio akamjibu bila hasira, "Nimeangusha mwana." Akauokota, akaufuta kwa shati lake, akarudi nao kuketi.

Mpira wenyewe ndio huu hapa chini ya mto wangu. Unaujua, Nereida, umebadilisha shuka zangu mara ngapi, umeutoa, umeufuta vumbi, umeurudisha, na hukuwahi kuniuliza. Usiku alipokuwa anakata roho baba yenu aliniwekea mkononi akasema, "Akirudi apewe." Nikamwambia, "Na asiporudi?" Akasema, "Atarudi. Ana kiburi lakini si mpumbavu." Tangu hapo nimeshika zamu. Tena asubuhi hii, nilipoisikia sauti yake uani ikimuuliza Tiburcio, "Bi mkubwa yu hai?" nimelia, nasema kweli, nimelia ndani ya mto huu msisikie.

Basi mwenye hamu si hakimu mwema, na ndiyo maana siamuru. Nashauri. Ukimkataa, Nereida, mkatae wewe mwenyewe kwa mdomo wako, mpe chakula kwanza, usimtume mtu. Ukimsajili, msajili kwa msimu mmoja, mechi za hapa nyumbani tu, Jumapili. Yunior asinyang'anywe zamu yake. Akae karibu na Chencho, aone mtu mzima anavyotembea kuja benchini baada ya kupigwa, maana hilo hakuna kocha anayeweza kulifundisha. Na wewe Radhamés, nisikie vizuri, kumpenda mtu si kumwacha kichuguuni mpaka apigwe mbele ya mama zake. Nenda mapema. Nenda angali anakutazama kwa wema, unyooshe kiganja, naye akikabidhi mpira mkononi, mpigie makofi hata kama tumefungwa. Asipoukabidhi, atoke saa ileile asirudi tena, na mwambieni ni mimi niliyesema.

Nipeni maji. Hapana, kidogo tu. Basi.

Don Ulises... Don Ulises nilikuwa nimepanga kumsamehe leo, lakini naona pumzi hazitoshi kwa kazi kubwa kama ile. Mpelekeeni habari za kifo changu asizisikie redioni. Mpeni kiti cha mbele kanisani, chenye jua. Nusu nimemsamehe.

Tulieni sasa. Tiburcio amechuchumaa, nasikia magoti. Nilimwambia amwombe Chencho atupe kidogo, bila kumweleza ni kwa ajili ya nani. Tulieni...

Huo umeingia pembeni ya glavu.

Huo... umegonga ukuta. Kuku wametimka.

Huo butu. Na huo butu. Aa, Chencho, mwanangu. Na huo umeburuza chini. Radhamés, acha kunidanganya, usiniambie anapasha moto bega, mimi si mgeni wa uani kwangu. Leo ni siku yake mbaya. Nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba nitaisikia pap moja, moja tu, niondoke nayo nikampelekee Obdulio, na sikuipata. Imeniuma. Wacha iniume, ni haki yake.

Nereida, umesikia na wewe. Huna cha kuficha wala mimi sina. Sasa, ukijua unalolijua, njoo hapa kitandani. Usikimbie. Huendwa polepole, namna ile makocha wanavyokwenda. Nyoosha kiganja. Kiko wapi... ndiyo. Mkono wako una baridi, binti yangu. Shika. Sijauweka chini, umeona? Nimekukabidhi, na timu, na yule mtu uani, vyote. Nenda nao. Ukirudi nao mkononi sitakuuliza, na ukirudi mikono mitupu sitakuuliza.

Radhamés, bakia. Kaa hapo, upande wa kulia. Nipe huo mkono.

Nisikilize, nitasema polepole na wewe utamwambia dada yako. Mnizike karibu na baba yenu, si juu yake, karibu. Sala za novena msome siku zote tisa, na ikiwa siku moja itaangukia Jumapili ya mchezo, someni asubuhi na mwende uwanjani mchana, msije mkasema timu haikucheza kwa sababu ya mimi. Kiti changu nyuma ya wavu kisiwekewe maua. Kikaliwe. Akiketie mtu anayekula karanga.

Mungu awape maelewano. Awape mvua kwa kiasi na sukari kwa kiasi kidogo kuliko alivyonipa mimi. Mkikosana, mkosane jikoni, msikosane barazani. Watoto wenu wawazike nyinyi, msiwazike wao. Radhi yangu mnayo, nyote wawili, na yeye... na yeye pia, wa tatu, aliyeangushwa...

Hizo ni ndara za Nereida kwenye mawe. Ameshuka ngazi. Mbona Chencho ameacha kutupa?

Kimya. Unasikia kimya, Radhamés? Usiseme neno. Hawasemi... wala hawagombani. Nani huyo anayelia, ni yeye au ni dada yako? Basi, usinijibu.

Nishike vizuri.

Hicho... umekisikia? Kikavu kile. Mpira mpya hauna sauti kavu hivyo. Huo ni mpira wa baba yenu, umekauka humu ndani miaka... umeingia glavuni kwa Tiburcio. Haukunyooka. Umekwenda nje kidogo, nimesikia, umekwenda nje.

Mwambie... mwambie atupe tena.