Nyayo za Lami Juu ya Paa Jeupe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye kazini apunguze kelele za mashine. Aliye jikoni afunike chungu asogee. Leo tunamkumbuka mtu wa mapaa. Mjini alijulikana kama Fundi Lami, na hata mkewe alimwita hivyo hivyo. Fundi Lami alifariki wiki iliyopita, kitandani kwake, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu.

Kabla ya kuanza, nina agizo la mjane wake. "Msimpake mafuta," ametuambia. "Mume wangu alikuwa na wivu. Mkisema alikuwa malaika, nazima redio."

Mama, redio yako haitazimwa.

Fundi Lami alitengeneza mapaa ya majengo ya biashara. Maduka makubwa, maghala, viwanda. Yale mapaa bapa ambayo ukiwa barabarani huyaoni. Alichemsha lami kwenye pipa, akaimwaga, akaitandaza kwa brashi yenye mpini mrefu. Paa likitoka mikononi mwake lilikuwa jeusi ti, na lilikuwa halivuji. Narudia, wasikilizaji: paa la Fundi Lami halikuvuja. Alikuwa na viatu vya kazi vya siku zote, soli zimeganda lami mpaka akawa mrefu kuliko alivyozaliwa. Mkewe alipiga marufuku viatu vile kuvuka mlango.

Paa lake kubwa la kwanza lilikuwa la kiwanda cha kushona sare. Siku moja akashuka kuomba maji. Aliyempa maji ni binti mmoja wa cherehani. Ndiye huyo aliyekuja kuwa mkewe. Kwa hiyo paa lile, moyoni mwake, lilikuwa kama mahari. "Nimemfunika mke wangu kwa mikono yangu," alipenda kusema. Na kweli, miaka yote ya ndoa yao, mke alishona chini ya paa la mumewe.

Sasa, lami nyeusi hula jua. Inalimeza asubuhi, inalitapika ndani mchana. Ikifika saa sita, ukumbi wa cherehani ulikuwa tanuri. Feni zilizunguka zikigawa joto kwa usawa, kila mtu na fungu lake. Wanawake walijifunga kitambaa kibichi shingoni. Mke wa Fundi Lami naye alijifunga. Alirudi nacho nyumbani kimekauka, akakifua, akakianika, hakusema neno. Utamwambiaje mtu kwamba mahari yake inakuchoma?

Aliyesema, tena kwa kazi si kwa mdomo, ni mdogo wa kiume wa mke huyo. Kijana huyu, shemeji yake Fundi Lami, alifundishwa kazi na Fundi Lami mwenyewe. Alishikishwa brashi, akafundishwa kunusa lami ikiwa tayari. Kisha akaondoka kwenda kufanya kazi mbali. Aliporudi, alirudi na habari nyingine. Alitandika mbao nyepesi za kuzuia joto, akapaka juu yake rangi nyeupe inayolirudisha jua lilikotoka. Alianza na ghala la maziwa. Mashine za baridi pale zilikuwa zikinguruma kutwa nzima bila kupumua. Sasa zikaanza kunyamaza, zikawaka, zikanyamaza tena. Umeme ukapungua. Mwenye ghala akatangaza mji mzima.

Na Fundi Lami akasikia. Akasikia kijiweni, kwa mafundi wenzake. "Fundi, mwanafunzi wako amekupaka chokaa!"

"Lile si paa," akajibu. "Ile ni keki. Ngojeni mvua, mtaila na kijiko."

Mvua ikanyesha. Keki haikulowa. Fundi Lami akaacha kwenda kijiweni.

Akasikia hata mezani kwake. Mke akisema tu "mdogo wangu leo," yeye anasukuma sahani. Shemeji akija kusalimia, yeye anakumbuka ana shughuli uani. Uani hakukuwa na shughuli. Kulikuwa na ndoo, na aliipiga teke. Hakumchukia kijana, wasikilizaji wapendwa. Angemchukia ingekuwa nafuu. Alimpenda, na kila sifa ya kijana ilimwingia kama mwiba chini ya ukucha.

Kisha ikaja siku mbaya. Bosi wa kiwanda cha sare alimwita shemeji. Alitaka paa la kiwanda liwe jeupe.

Paa lile lile. Mahari.

"Umemwambia wewe?" Fundi Lami akamuuliza mkewe.

"Bosi ana macho. Amewaona wasichana wawili wakizimia."

"Nimekuuliza, umemwambia wewe?"

Mke akavua kitambaa shingoni, akakiweka mezani mbele yake. "Hiki ndicho kimemwambia," akasema.

Mchana uliofuata, jua likiwa utosini, Fundi Lami alikwenda kwenye ghala la maziwa. Alitaka kulipanda paa jeupe alikute na kosa. Ufa, kiputo, chochote. Na alitaka kuhakikisha kwamba linaunguza kama mapaa mengine. Mlinzi alimjua, akamsimamishia ngazi.

Alitembea mpaka katikati. Hakuona ufa. Akainama akaweka kiganja, vile mafundi wa paa wanavyopima. Hakuamini. Akaweka kiganja cha pili. Hapo akafanya jambo ambalo mtu wa lami halifanyi saa sita mchana, labda awe amechoka na nyayo zake. Alivua viatu. Akasimama miguu mitupu juu ya paa, jua likimpiga kichwani, na miguu haikuungua.

"Alikaa chini," mlinzi ametueleza. "Alikaa kama mtu aliyepokea habari ya msiba."

Alipogeuka ndipo alipoona. Kutoka kwenye ngazi mpaka pale alipokaa, paa jeupe lilikuwa na mstari wa nyayo nyeusi. Soli zake zilikuwa zimelainika kwa jua la njiani. Akavua shati, akajaribu kufuta mmoja. Lami ni kama umbea, wasikilizaji, ukiifuta inaenea. Akashuka miguu mitupu, viatu kwapani, shati limeharibika, akamwambia mlinzi, "Hujaniona."

Jioni shemeji alifika nyumbani. Safari hii Fundi Lami hakuwahi kukimbilia uani.

"Shemeji, kuna mtu amepanda paa langu."

"Mji una watu wengi."

"Kisigino cha kulia kimelika upande."

"Visigino vilivyolika vipo vingi."

"Nyayo zinakwenda, hazirudi. Nikadhani ameota mabawa." Shemeji akamtazama. "Mbona ulivua viatu?"

Fundi Lami akaitazama miguu yake. Mkewe pale mlangoni alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga.

"Vilikuwa vinabana," Fundi Lami akasema.

Mke akacheka mpaka akakaa chini. Shemeji hakucheka. Alisema, "La kiwandani sitang'oa lami yako. Haijavuja mpaka leo, sijui nitapata wapi nyingine kama hiyo. Nitapaka juu yake."

Unadhani maneno hayo yalimpoza? "Kwa hiyo mimi nizikwe," Fundi Lami akasema, "wewe uonekane!"

Hapo ndipo mkewe aliponyanyuka. Ametukariria mwenyewe alichosema. "Fundi Lami, mimi sikai juu ya paa. Nakaa chini yake. Mnagombea upande ambao mimi siuoni."

Wasikilizaji wapendwa, asubuhi yake Fundi Lami alikwenda kiwandani na brashi na ndoo. Rangi ile haishiki juu ya uchafu. Lazima lami ya zamani isuguliwe mpaka isitoe doa mkononi. Alilisugua paa lote mwenyewe, hakuruhusu mtu mwingine kuligusa. Shemeji akapaka. Kazi ilipoisha, wafanyakazi walitoka uani wakampigia shemeji makofi. Fundi Lami alisimama kando, akamwambia aliyekuwa karibu naye, "Mimi ndiye niliyeosha." Akamwambia na wa pili. Wivu haukumtoka, na leo sitausingizia kwamba ulimtoka.

Siku chache baadaye mke alirudi kutoka kazini bila kitambaa shingoni. Fundi Lami alikuwa wa kwanza kuona.

"Kitambaa kiko wapi?"

"Sikukihitaji."

Akafikiri. "Leo kulikuwa na mawingu," akasema. Wakala, wakalala.

Kuna jambo moja alilolidai mpaka mwisho: nyayo zake kule kwenye ghala la maziwa zifutwe. Shemeji alikuwa akiwapandisha wateja kuwaonyesha. "Huyu ndiye fundi mkaidi kuliko wote. Tazameni alipovua viatu." Baada ya hapo walikuwa hawaulizi tena maswali. Fundi Lami alinung'unika kwamba anatumika kama tangazo bila kuombwa. Lakini mlinzi anasema mara kwa mara alipita pale kuuliza, "Bado zipo?" Akiambiwa zipo, aliondoka anasonya. Alisonya, anasema mlinzi, kama mtu aliyeridhika.

Kwa mjane, kwa shemeji, kwa watoto na wajukuu, poleni sana. Poleni ninyi wa ukumbi wa cherehani. Mungu ampumzishe mahali pasipo na joto.

Nawe unayetusikiliza, huenda kuna kazi ya mwenzako inayokunyima usingizi. Usiisemee kijiweni. Panda ukaishike kwa mikono yako. Kisha uulize nani anakaa chini ya ile ya kwako.

Baada ya mazishi, shemeji alikwenda kupaka upya paa la ghala la maziwa. Rangi ilikuwa imechakaa, muda wake umefika. Alianzia pembeni akija katikati. Alipofika kwenye nyayo aliweka rola chini, akachukua brashi ndogo, akazunguka unyayo mmoja mmoja. Ziko pale mpaka sasa. Zinatoka kwenye ngazi, zinakwenda mpaka katikati, zinasimama mbili, sambamba. Kutoka hapo ni peupe.