Mulango ya Ziwa

Mbele ya ligablo ya Mama Léonie, kaduka yake ya kawa kule Mudzipela, mu muji ya Bunia, kuko benchi moja ya mbao. Wenye kukaa pale wanajua kila kitu, na kile hawajui wanakitengeneza papo hapo. Asubuhi ile Eugène alifika na macho mekundu, akapokea kawa bila kutia sukari, na wote wakajua ni mambo ya mulango tena. Wakati ziwa Albert ilipanda ikaingia mu nyumba yao, upande wa Kasenyi, Eugène alikimbia na bibi na watoto. Akang'oa na mulango, akaipandisha mupaka Bunia, akaitia ku kanyumba yake mupya. Baba yake alikataa kutoka. Alisema hawezi kuacha kaburi ya bibi yake, mama ya Eugène, peke yake mu maji. Tangu pale, kila asubuhi, ile mulango inaamuka imeloana, hapa Bunia mahali ziwa haionekane hata kwa mbali, na alama ya maji inapanda tu.

— Leo imefika wapi? aliuliza Turbo, motard mwenye kubeba watu na pikipiki.

— Ku kitasa.

— Ni sayansi, akasema Ingénieur, mutengenezaji wa téléphone mwenye diplome yake haijaonwa na mutu. Mbao ilikunywa ziwa miaka mingi. Sasa inatapika.

— Inatapika kila siku juu zaidi? akasema Turbo. Achana na siye, weye. Ziwa njo inamufuata. Inapita chini ya udongo, inapanda mulima pole pole. Siku moja itakaa hapa, iombe kawa.

— Haiko ziwa, akasema Mama Léonie, na sauti ya chini. Makaburi yote ya kule imefunikwa. Wafu nao wanakimbia, wanatafuta wapi watu wao walihamia. Unafikiri watapiga hodi ku nini?

Eugène hakucheka. Kwake haikuwa mambo ya mbao wala ya wafu. Kama alama iko ku kitasa hapa, basi kule maji iko karibu na kifua ya baba yake, na téléphone ya muzee haipite tena. Aliogopa kabisa, na aliona haya kuogopa mbele ya watu wenye kunywa kawa.

— Nitashuka kesho, alisema.

— Kila siku unashuka kesho, Turbo akamujibu.

Pembeni yao mwanamuke mugeni alikuwa amekaa ku mabulungutu yake, ameshuka ku kamyo ya Kasenyi asubuhi ile. Aliitwa Chancelle. Alikuwa anasikiliza tangu mwanzo.

— Ule muzee, ni wa nyumba ya mabati ya buluu, karibu na kaburi?

— Ni baba yangu. Umemuona?

— Jana magaribi. Tulipita na pirogue kuokota watu wa mwisho. Maji iko nusu ya ukuta. Nilimuita atoke. Aliitika mu ndani, na sauti muzuri tu, akasema nisalimie watoto. Kisha akafunga mulango. Nilisikia kitasa.

Akawatazama mumoja mumoja.

— Sasa munielezee. Kama mulango iko hapa Bunia, alinifungia mulango gani?

Mama Léonie alishika birika bila kumimina. Eugène alishasimama, akapanda nyuma ya pikipiki ya Turbo, na Turbo, mwenye kupendaka kubishana juu ya bei, akawasha tu, wakashika njia ya Kasenyi.