Shangazi Aliyekataa Kusaini Vibandiko

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, fundi wetu wa maabara, ambaye jengo zima tunamwita Shangazi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike mimi dereva, kwa kuwa namfahamu kuliko maprofesa wote, na hilo halina ubishi.

Alianza kwa kuosha chupa. Mkono wake ulikuwa mwepesi hadi chupa zilikauka kabla ya kuguswa na maji. Msibishe, nilikuwepo. Akapanda hadi kwenye hadubini, na miaka tisa iliyopita akakabidhiwa kazi ya kumimina kwenye kalibu vibandiko vya kutibu saratani ya matiti. Kibandiko ni kidogo kama ukucha wa dole gumba, kimejaa visindano vya sukari maalumu iliyochanganywa na dawa ya kuamsha kinga ya mwili. Vinapenya ngozi, vinayeyukia humo humo, dawa inabaki karibu na uvimbe. Mimi nilielewa siku ile ile.

Adui wa visindano hivyo ni unyevu. Mwezi Machi, vibandiko vya wanawake kumi na wawili wa kwanza waliojitolea kwa majaribio vilikuwa tayari, gari langu linanguruma nje. Shangazi akabonyeza kimoja kwenye ngozi ya kuku, akatazama kwa hadubini, akakuta ncha zimelegea. Akakataa kusaini. Daktari mkuu akapandisha sauti, kwamba watu wanasubiri wodini. Shangazi akamjibu taratibu: “Daktari, dawa itabaki juu ya ngozi, na mama wa watu atarudi nyumbani akijua ametibiwa. Dada yako ungembandika?”

Daktari akatoka nje, akaniambia nizime gari.

Kilichoharibu ni birika langu la chai. Nilikuwa nikilichemshia mle katika chumba cha kukaushia vibandiko, maana kuna soketi nzuri. Nilikiri mwenyewe, kabla hajanitazama mara ya pili. Hakunishtaki. Alinipa ufunguo wa chumba, akasema unyevu ukiingia tena ataniuliza mimi. Tangu hapo hata ukungu unabisha hodi.

Wiki mbili baadaye alikuwa amemimina upya, akapima, akasaini. Niliviendesha hadi hospitali polepole mno, hata wenye baiskeli walinionea huruma.

Matokeo ya majaribio hayajatoka, na Shangazi anaondoka bila kuyajua. Tunachojua ni kwamba wale kumi na wawili walipata dawa kweli, siyo plasta tupu.

Asante, Shangazi. Pumzika kwa afya na furaha. Majibu yakitoka, yawe mazuri au mabaya, nitakuletea mwenyewe mpaka mlangoni.